Betri Iliyolala Jikoni

JESHI LA POLISI TANZANIA
MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi Makambako
Kosa linalochunguzwa: Kuharibu mali (gari)
Tarehe na muda wa kuanza: 18 Julai 2024, saa 3:10 asubuhi
Jina la shahidi: Letisia Filbert Mlelwa
Umri: Miaka 43
Kabila na dini: Mbena, Mkristo (Katoliki)
Kazi: Mpishi wa shule ya sekondari, pia mkulima wa viazi
Makazi: Mahongole, Makambako

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Ni mke wa ndoa wa Patrick Mtewele, ambaye ndiye mlalamikaji katika shauri hili. Tulifunga ndoa kanisani mwaka 2006 na tuna watoto watatu. Wa kwanza anaitwa Tarsis, ndiyo maana mtaani naitwa Mama Tarsis. Nimekuja hapa kituoni kwa miguu yangu. Sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa ajili ya kijana Elius Ngimbudzi, fundi wa muziki wa magari, ambaye tangu jana yuko mahabusu hapa kwa madai kwamba aliliunguza gari letu. Hakuliunguza. Nitakayoyasema nimeyaona mwenyewe, na ambayo sikuyaona nitasema sikuyaona.

Gari lenyewe ni Probox nyeupe. Tulipewa mwaka jana na shemeji yangu Ambrose, kaka mkubwa wa mume wangu, anayeishi Dar es Salaam. Ambrose ni mtu mwema, ila akikupa kitu anakukumbusha. Kila akipiga simu, swali la kwanza ni gari, la pili ni watoto. Mume wangu hubeba abiria kati ya Makambako na Njombe, na Jumamosi hukodiwa na watu wa harusi kwa sababu ya muziki uliomo.

Muziki huo aliufunga Elius mnamo tarehe 18 Novemba 2023, kwenye banda lake lililo kando ya barabara ya Njombe. Nilikuwepo. Nilikuwa nimetoka sokoni na magunia ya viazi, na gari hilo ndilo lilikuwa usafiri wangu, kwa hiyo nilikaa juu ya ndoo nikingoja tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kazi ile niliiona yote. Elius ni kijana anayependa kueleza, anaeleza hata asipoulizwa. Mume wangu alikuwa akijibu "ndiyo, ndiyo" huku anaangalia simu. Mimi nilisikiliza, maana sikuwa na kingine cha kufanya.

Kwanza alifungua waya wa hasi kwenye betri. Alisema hagusi kitu chochote cha umeme wa gari kabla hajafanya hivyo. Akatoa waya mwekundu, mnene kama kidole changu, akautoa kwenye chanya ya betri kwenda nyuma kwenye buti, ambako ndiko amplifaya ilikokaa. Karibu kabisa na betri, hata shubiri mbili hazifiki, aliufungia kikopo cha plastiki ngumu chenye fyuzi ndani yake. Mume wangu akamuuliza kwa nini asiiweke fyuzi hiyo kule nyuma ambako haisumbui. Elius akasema, "Kaka, hii siyo ya kuilinda amplifaya. Ni ya kuulinda waya. Waya ukichubuka popote njiani ukagusa bodi, fyuzi inakufa na umeme unakatika hapo hapo. Ukiiweka nyuma, waya wote wa mbele unabaki hauna mlinzi." Nilielewa. Hata jikoni kwetu shuleni mtungi wa gesi una koki yake pale pale kwenye mtungi, hatutegemei ile ya kwenye jiko peke yake.

Pale waya unapopita kwenye tundu la bati, kati ya injini na sehemu ya abiria, alivisha tundu hilo pete ya mpira ili ukingo wa bati usiukate waya. Waya mnene akaupitisha upande wa kushoto chini ya zulia. Nyaya nyembamba za muziki akazipitisha kulia, akasema zikikaa pamoja na mnene sabufa zinavuma zenyewe. Waya wa hasi wa amplifaya, wa kwenda kwenye bodi, aliufunga kwa bolti mahali alipokwangua rangi mpaka bati likang'aa. Sabufa zilikuwa mbili ndani ya boksi moja. Kabla ya kuziunganisha alisoma namba nyuma ya kila moja, akasoma na za amplifaya, akasema amplifaya ina mzigo wake kama punda, na ukiiunganishia sabufa hovyo itachemka mpaka ife. Yenyewe hakuifunika na zulia, aliiacha ipate hewa. Mwisho akarudisha waya wa hasi, akawasha, na mbwa wa jirani wakakimbia.

Tangu siku hiyo mpaka mwezi wa tano mwaka huu muziki ulipiga bila tatizo. Hakuna fyuzi iliyokufa, hakuna kilichonuka, hakuna kilichochemka.

Baridi ya huku afande anaijua. Mwaka huu ilianza kuuma mapema, na kuanzia mwisho wa mwezi wa tano gari likawa haliwaki asubuhi. Madereva wenzake wakamwambia mume wangu afanye kama wao, betri isilale nje. Mtaani kwetu si jambo la ajabu, jioni utamkuta mwanaume mzima anaingia ndani kwake amekumbatia betri. Basi kila jioni mume wangu aliifungua betri akaileta jikoni kwangu, akaiweka juu ya gunia upande wa pili wa jiko la mkaa. Nilimwambia betri inalala karibu na moto kuliko mimi. Alicheka. Mimi sikuwa natania sana.

Shida ilikuwa kuirudisha. Tuliirudisha alfajiri, mimi nikimshikia tochi ya simu. Nati za vichwa vya betri zilikuwa mbili, lakini ule waya wa sabufa na kikopo chake cha fyuzi ulikuwa na nati yake ya tatu, ndogo, na kwa baridi ile vidole havishiki spana. Abiria wa kwanza wa Njombe nao hawamsubiri mtu. Mwanzoni mwa mwezi wa sita, tarehe siikumbuki lakini ilikuwa Jumatatu kwa sababu nilikuwa nawahi uji wa wanafunzi, nati hiyo ilimponyoka mara mbili ikaangukia chini ya injini. Mume wangu akaingia ndani akarudi na koleo. Aliukata waya upande huu wa kikopo na upande ule, kikopo akakitupa kwenye majani. Kisha akauchuna waya, akaufunga kwenye kibanio chenye meno, kile wanachotumia kuazimana umeme gari kwa gari. Tangu siku hiyo akawa anabana na kubandua tu. Kwa kuwa waya ulikuwa umepungua urefu, aliuvuta kwa nguvu kutoka ndani ya gari ili ufike kwenye betri.

Nilimuuliza, "Baba Tarsis, na ile fyuzi?"

Akasema, "Amplifaya ina fyuzi zake. Hii ni mbwembwe ya Elius."

Nikamwambia Elius alisema ni ya waya. Akasema, "Mama Tarsis, mikono imekufa ganzi. Shika tochi." Nikashika tochi.

Alipoondoka nilikiokota kile kikopo. Siwezi kudai nilijua kitu. Mimi huokota, ndivyo nilivyo. Nyumbani kwangu hata kifuniko cha chupa hakitupwi kabla hakijatafutiwa kazi. Nilikitia kwenye kopo la vifungo vya nguo. Siku chache baadaye, nikifagia pale gari linapolala, niliokota pete ya mpira mweusi. Nikadhani imetoka kwenye mfuniko wa dumu la maji, nayo nikaitia mle mle. Vitu hivyo viwili nimekuja navyo na nimemkabidhi afande. Ndani ya kikopo fyuzi bado iko nzima, haijaungua, na pande zote mbili kimebaki kipande cha waya mwekundu kilichokatwa kwa koleo.

Mnamo tarehe 29 Juni 2024, Jumamosi, kama saa nane mchana, tulipita kwa Elius. Mume wangu alitaka kuongezewa sabufa nyingine mbili, kwa sababu harusi zilikuwa zimeanza na kuna gari jingine la muziki hapa Makambako ambalo watu walikuwa wanasema linapiga kuliko letu. Elius alikataa. Alisema amplifaya ile haiwezi mzigo wa sabufa nne. Mume wangu akasema kama ni woga aseme. Elius akafungua boneti atazame, halafu akasema kwa sauti ya juu, "Kaka, fyuzi iko wapi? Na mpira wa hapa kwenye tundu?" Hapo ndipo nilipojua kwamba ile pete haikuwa ya dumu.

Pale bandani kulikuwa na vijana wa bodaboda wasiopungua watano na wote waligeuka kutazama. Mume wangu hapendi kugeukiwa. Alisema, "Wewe ni fundi wa muziki. Usinifundishe gari langu." Elius naye alipandisha sauti, hilo ni kweli, sitamsafisha kwa lisilo lake. Maneno yake niliyasikia yote na yalikuwa haya: "Rudisha fyuzi kabla hujatoka hapa, nakufungia bure, sitaki hata senti. La sivyo gari hili litaungua, kaka, na wewe utakuwa ndani." Kisha akanigeukia mimi, "Shemeji, mwambie." Mume wangu alifunga boneti kwa kishindo tukaondoka.

Nilimwambia njiani. Nilimwambia na jioni. Nilimwambia fyuzi iko kwenye kopo la vifungo, airudishe, na kama hawezi kumtazama Elius usoni basi ampelekee fundi mwingine. Akasema atairudisha baridi ikiisha.

Kutoka siku ile Elius hakulisogelea gari letu tena. Lilikuwa linalala uani kwetu, geti limefungwa, na betri yake ikilala jikoni kwangu.

Mnamo tarehe 13 Julai 2024, Jumamosi, tuliondoka nyumbani saa mbili na nusu asubuhi kwenda kwenye harusi Kichiwa. Ndani ya gari tulikuwa watatu, mume wangu akiendesha, mimi mbele upande wa kushoto, na nyuma alikaa Bi. Hilda, shangazi wa bibi harusi, akiwa amepakata keki. Muziki ulikuwa juu. Tulipoacha lami na kuingia barabara ya vumbi yenye mashimo, nilisikia harufu. Mimi moto ndio unaonipa mshahara, harufu zake nazijua. Haikuwa breki wala mafuta. Ilikuwa plastiki. Nikamwambia mume wangu asimame. Akasema ni jalala la watu. Nikaangalia miguuni pangu, nikaona moshi unatoka chini ya zulia, nikapiga kelele, akasimama.

Nilifungua mlango wa nyuma nikamtoa Bi. Hilda, ambaye alitoka na keki yake bila kuambiwa. Mume wangu alifungua boneti. Nilikuwa upande wa pili, kama hatua mbili kutoka kwake, na niliona vizuri. Ule waya mnene ulikuwa umewaka mwekundu kama makaa, plastiki yake inadondoka matone yenye moto. Pale kwenye tundu la bati shaba yake ilikuwa nje na imeshikana na ukingo wa tundu. Mume wangu alikishika kile kibanio kwa mkono ili akibandue. Hakikubanduka. Kilikuwa kimeganda kwenye betri. Akaongeza na mkono wa pili. Nilimvuta kwa nyuma ya koti tukaanguka wote wawili.

Watu wa shamba la karibu walikuja na majembe wakasaidia kumwagia udongo, lakini moto ulikuwa umeshaingia kwenye viti. Gari liliungua mpaka nyuma. Sijasomea umeme na siwezi kueleza ya kitaalamu. Nasema nilichokiona, na nilikiona pale pale Elius alipokuwa ameuliza mpira uko wapi.

Mtu mmoja katika wale waliokuja aliuliza ilikuwaje. Mume wangu alikuwa amekaa chini, mikono yake ameinyoosha mbele, ngozi imevimba. Alisema, "Ni fundi." Nilimsikia. Nilijiambia ni maumivu yanasema.

Hospitalini alifungwa bandeji mikono yote miwili hadi kwenye viwiko na tukaruhusiwa siku ile ile. Tangu hapo mimi ndiye mikono yake. Namvalisha, namwosha, namlisha. Jumapili tarehe 14, baada ya misa, Ambrose alipiga simu. Nilimshikia mume wangu simu sikioni, kwa hiyo nilisikia pande zote mbili. Ambrose hakuuliza mikono. Aliuliza, "Nani kaliunguza gari langu?" Mume wangu alinitazama mimi niliyeshika simu, akatazama pembeni. Akasema, "Fundi Elius. Tuligombana, akasema mbele ya watu gari hili litaungua." Ambrose akasema, "Mfunge." Mkono ulinichoka lakini sikuishusha ile simu mpaka walipomaliza.

Nilimwambia, "Baba Tarsis, maneno ya Elius hayakuishia hapo, wala hayakuanzia hapo." Akasema anajua anachofanya. Jumatatu tarehe 15 nilimsindikiza mpaka hapa kituoni kwa sababu hawezi kufungua hata mlango. Nilibaki nje kwenye benchi. Aliyoyasema ndani sikuyasikia. Nilikaa pale nikiamini kwamba mbele ya afande atasema kweli. Njia ya mwongo fupi, nilijiambia, haitafika popote. Jana nikasikia Elius amekamatwa, nikaona imefika.

Jana hiyo hiyo, tarehe 17 Julai, saa kumi alasiri, walikuja nyumbani watu wawili kutoka Kidugala. Mmoja ni Kristina, mama mzazi wa Elius, mjane, na mwingine ni Mzee Kefa, mzee wa kanisa lao la Kilutheri. Walikuja kuomba msamaha. Kwetu mtoto wako akidaiwa kuharibu kitu cha mtu, hungoji mpaka ijulikane nani mkweli. Unakwenda kwanza na pole, mengine yanafuata. Yule mama alipiga magoti tangu mlangoni. Alitusalimu, "Kamwene," tukaitikia. Alikuwa na kuku mweupe amemfunga miguu kwa kamba ya mgomba, na alimweka mbele ya mume wangu.

Alisema, "Baba, mwanangu anasema hakufanya. Mimi sikuwepo, siwezi kuapa. Lakini gari limeungua, na mikono yako imeungua, na jina lake limetajwa. Kama amekosa, kosa ni langu mimi niliyemzaa. Tusamehe." Alipoitazama mikono ya mume wangu alianza kulia. Alilia kwa ajili ya mikono ile, afande. Alisema, "Pole baba, pole sana, utalishikaje jembe sasa."

Mume wangu alisema, "Pole nimeipokea, mama. Ya gari tuyaachie sheria." Mzee Kefa akauliza kama kuna njia ya kumaliza nyumbani, kwa sababu kijana ameambiwa atapelekwa mahakamani, na kwamba hata akitoka hakuna atakayempelekea gari tena. Mume wangu akasema kijana akiri kwanza.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Kopo la vifungo lilikuwa juu ya kabati, nyuma ya kichwa cha yule mama. Nilitaka kusema pale pale. Sikusema kwa sababu mume wangu alinitazama, na sijawahi kumwona anaogopa namna ile, hata gari lilipowaka. Nilimwinua yule mama, nikamsindikiza hadi barabarani. Aliniambia, "Asante mwanangu, umetupokea vizuri."

Niliporudi mume wangu alisema, "Mchinje huyo kuku." Nilimchinja, nikampika. Saa moja jioni nilikaa mbele yake nikamlisha. Nilimmegea kipande, nikampulizia kisipoe sana wala kisimuunguze, nikamtia mdomoni, akatafuna, nikamegea kingine, mpaka akasema ameshiba. Alisema kuku ni mtamu. Mimi nilikula ugali kwa chumvi. Niliona aibu. Katika miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kuona aibu ndani ya nyumba yangu kama jana.

Leo asubuhi, nikimfunga vifungo vya shati, nilimwambia naenda kituoni. Hakuniuliza nakwenda kusema nini. Alisema, "Ambrose akijua ni mimi, sina ndugu tena."

Nikamwambia, "Yule mama alipiga magoti mbele yako."

Akasema, "Sikumwambia apige magoti."

Nikamwambia, "Ndiyo. Lakini hukumwambia ainuke." Nilimaliza vifungo, nikamnywesha chai, nikachukua kopo kabatini. Nilipofika mlangoni akasema, "Nenda. Na ukirudi usiniguse."

Nimeulizwa na afande kama nina ugomvi na mume wangu. Sina. Nimeulizwa kama kuna mtu wa upande wa mtuhumiwa amenipa chochote. Kilichopokelewa nyumbani kwangu ni kuku mmoja, naye ameliwa na mlalamikaji. Nimeulizwa kama ninajua kwamba mume wangu anaweza kuhojiwa kwa kutoa taarifa isiyo ya kweli. Ninajua. Afande ameniuliza tena, nami nimejibu tena kwamba ninajua.

Sikuja kumfungisha. Mume wangu si mtu mbaya. Ni mtu aliyekuwa na baridi vidoleni, na sasa ana hofu. Lakini kijana wa watu hawezi kulala kwenye sakafu ya humu ndani kwa sababu ya nati moja iliyoanguka uani kwangu. Nataka Elius atoke, aende kwa mama yake, na watu waambiwe kwamba kazi yake ilikuwa safi. Nampenda mume wangu na bado hana mikono. Jioni nitapika, nitakaa mbele yake nimlishe. Kama hatafungua mdomo, nitakaa naye hapo mpaka afungue.

Hayo ndiyo niliyonayo. Nimeyasema nikiwa na akili zangu timamu, nimesomewa, na naona yamekaa kama nilivyoyasema.

Sahihi ya shahidi: L. F. Mlelwa

MAELEZO YA ASKARI: Mimi, Koplo Conjesta, nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi kwa Kiswahili, ambacho anakielewa vizuri. Nimepokea kielelezo: kikopo kimoja chenye fyuzi nzima pamoja na pete moja ya mpira. Waya uliobaki katika gari lililoungua utalinganishwa nacho. Mtuhumiwa hatapelekwa mahakamani leo, na mama yake, aliyeko nje ya kituo tangu asubuhi, amejulishwa. Kabla ya kuanza nilimweleza shahidi kwamba mke halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Alijibu kwamba hakuna aliyemlazimisha, na akaniomba tufanye haraka kwa sababu mgonjwa wake hajala tangu chai. Muda wa kumaliza: saa 5:40 asubuhi.